Mkebe wa Hisabati Ukipimwa kwa Kipimo cha Mwalimu

Mkebe wa hisabati ni bidhaa ambayo wengi wetu tuliitumia kwa miaka mingi bila kuulizwa kama inafaa. Ulinunuliwa na mzazi au mlezi pamoja na madaftari, ukaingia kwenye mkoba, na kuanzia siku hiyo kilichokuwa ndani yake ndicho kilichoamua kama duara litafunga au litaacha mwanya. Hivi karibuni nimenunua mikebe miwili mipya, mmoja wa bei ya chini wenye vifaa vingi vya plastiki, na mwingine wa bati wenye bikari ya chuma inayokazwa kwa skrubu, nikaipima kwa mambo yale yale ambayo mwalimu wetu wa Hisabati alitudai tulipokuwa sekondari. Majina ya waliotengeneza mikebe hii sitayataja, kwa kuwa tofauti ninazozieleza ni za aina ya vifaa, na mnunuzi anaweza kuzitambua mwenyewe akiwa dukani. Hukumu yangu naitoa mapema: mkebe unafaa kadiri bikari yake inavyofaa, na karibu kila kitu kingine kilichomo kinaweza kubadilishwa au kununuliwa peke yake bila somo kuharibika.

Yaliyomo kwenye mikebe ya namna hii hayajabadilika sana kwa muda mrefu. Kampuni ya Helix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1887, ilianza kuuza mkebe wake maarufu wa Oxford mwaka 1935, na mpangilio wake ndio ambao watengenezaji wengine wengi wanaufuata hadi leo: bikari, divaida (yenye ncha mbili za sindano, bila penseli), rula fupi ya sentimita 15, seti-skwea mbili (vibao vya pembetatu vya kuchorea pembe mraba), kipimapembe cha nusu duara, penseli, kifutio na kichongeo. Kampuni ya Maped ya Ufaransa, ambayo ilianza kazi mwaka 1947 kwa kutengeneza bikari, iliinunua Helix mwaka 2012. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya wanafunzi vimejifunza jometri kwa vifaa vinavyofanana mno, na mtu mzima anayefungua mkebe mpya leo anaweza kurudi moja kwa moja kwenye kazi aliyoiacha shuleni.

Kwenye bikari ndiko nitakakokaa zaidi. Bikari ya shule ina sehemu tatu zinazoamua ubora wake, nazo ni bawaba inayounganisha miguu miwili kule juu, sindano inayokaa kwenye kitovu cha duara, na kishikio cha penseli. Katika mkebe wa bei ya chini, bawaba imepigwa ribiti, yaani haikazwi wala hailegezwi, na kila unapoifungua na kuifunga inazidi kulegea. Katika mkebe wa bati kuna skrubu ndogo inayokazwa kwa bisibisi, na kwa hiyo bikari ikianza kulegea mtu huirudisha katika hali yake mwenyewe. Ipo pia aina ya tatu, yenye gurudumu dogo katikati ya miguu, ambayo upana wake hubadilishwa kwa kulizungusha gurudumu hilo. Bikari ya namna hiyo haipanuki yenyewe hata ikikandamizwa, na kwa maduara madogo hakuna inayoishinda, ingawa kuipanua huchukua muda na kwa duara kubwa haifiki mbali.

Kila mwanzo wa muhula, kabla hajaandika lolote ubaoni, mwalimu wetu alitutaka tuchore duara lenye nusukipenyo cha sentimita 5. Kisha, bila kuugusa upana wa bikari, tuliweka sindano mahali popote kwenye mzingo, tukakata tao, tukahamishia sindano pale tao lilipokata mzingo, tukakata jingine, tukaendelea hivyo kulizunguka duara lote. Hatua ya sita inapaswa kurudi hasa pale hatua ya kwanza ilipoanzia. Mwalimu alipita dawati kwa dawati, akainama, akatazama mahali pamoja tu, yaani alama ya sita ilipoangukia. Mwenye alama iliyorudi mahali pake alitikisiwa kichwa cha kukubali na kuachwa aendelee; mwenye mwanya aliambiwa aikaze bikari au aazime ya jirani kabla ya somo kuanza.

Sababu ya hatua kuwa sita ni rahisi kueleza na ni vigumu kuichoka. Kila hatua ina urefu sawa na nusukipenyo, kwa hiyo ukiunganisha kitovu na alama mbili zinazofuatana unapata pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, ambayo kila pembe yake ni nyuzi 60. Pembetatu sita za namna hiyo zikikaa kuzunguka kitovu zinajaza nyuzi 360 kamili bila kubaki wala kuzidi. Ubora wa kipimo hiki ni kwamba kinakuza kosa. Bikari ikipanuka kwa nusu milimita tu baada ya duara kuchorwa, kila hatua huzidi kidogo, na makosa hayo sita yakijumlishwa, alama ya mwisho hupita mahali pa kuanzia kwa karibu milimita tatu na nusu, yaani takribani mara saba ya kosa lenyewe. Jicho ambalo lisingeweza kuona nusu milimita linaona mwanya huo bila shida.

Nilikirudia kipimo hicho kwa mikebe yote miwili, kwenye karatasi ya aina moja na kwa penseli moja. Bikari ya chuma ilirudi ndani ya tundu lile lile ililoanzia. Bikari ya mkebe wa bei ya chini iliacha mwanya ambao nisingeukubali, na nilipoitazama kwa karibu wakati wa kuzungusha niliona chanzo chake: mguu wa penseli, uliotengenezwa kwa plastiki, unapinda kuelekea nje kila mkono unapoongeza nguvu, kisha unarudi nguvu zinapopungua. Kwa hiyo hata bawaba ingekazwa, duara lisingekuwa la kuaminika. Hili ndilo jambo la kwanza la kukagua dukani. Shika mguu wa penseli kwa vidole viwili, usukume kwa upole, na ukiuona unapinda, mkebe huo urudishe kwenye rafu.

Sindano nayo ina mengi. Iliyo nzuri ina bega dogo juu ya ncha yake, linalozuia sindano isizame na kulipanua tundu la kitovu. Iliyo mbaya ni kama msumari uliochongoka tu, na baada ya maduara matatu kutoka kitovu kimoja, kitovu chenyewe kinakuwa shimo ambalo mtu hajui tena katikati yake ni wapi. Mwalimu alitufundisha kuiweka sindano ikizidi ncha ya penseli kwa kiasi kidogo sana, kuweka kurasa kadhaa chini ya karatasi ili sindano ipate mahali pa kukaa, na kuishika bikari kwa kishikio cha juu peke yake, kwa kidole gumba na cha shahada, ikiwa imelala kidogo kuelekea inakokwenda. Mwanafunzi aliyeishika bikari kwa miguu yake alisimamishwa hapo hapo. Nilipokuwa ninaipima bikari mpya nilijikuta nikiishika hivyo hivyo, na kishikio cha ile ya chuma, chenye mikwaruzo midogo ya kuzuia vidole visiteleze, kilinifanya nishukuru kwamba kuna mtengenezaji aliyefikiria jambo hilo.

Lazima niseme kwa nini mwalimu huyu alilifanya somo la jometri kuwa ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu bila maelezo hayo msomaji hataelewa kwa nini ninaudai mkebe mambo mengi kiasi hiki. Katika masomo mengi jibu lilikuwa sahihi kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Katika kipindi chake, mwalimu alikataza matao ya kuchorea yafutwe. Mwanafunzi aliyeigawa pembe katika sehemu mbili sawa, kisha akafuta matao ili daftari lionekane safi, alipata alama pungufu kuliko yule aliyeacha kila tao likionekana, hata kama mstari wa wote wawili ulikuwa mahali pamoja. Matao yalikuwa ushahidi, na alitufanya tuusome ushahidi huo kwa sauti: umbali huu ni sawa na ule kwa sababu upana wa bikari haukubadilika, umbali wa pili ni sawa kwa sababu hiyo hiyo, upande wa tatu wanauchangia, kwa hiyo pembetatu hizi mbili zinalingana, na pembe zilizo kwenye kipeo ni sawa. Mwanafunzi aliyekuwa kimya mwaka mzima aliweza kusimama na kusema hayo, na hakuna mtu darasani, hata mwalimu mwenyewe, ambaye angeweza kumpinga.

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Euclid, aliyefanya kazi zake Alexandria takribani miaka 300 kabla ya Kristo, aliianza jometri yake kwa kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa juu ya mstari uliotolewa, na njia yake ni maduara mawili yanayokatana, ile ile tuliyoichora ubaoni kwa bikari kubwa ya mbao yenye chaki. Mwalimu alituambia hivyo siku tulipoifanya, akaongeza kwamba mambo mawili tu yanaruhusiwa: mstari ulionyooka kupitia nukta mbili, na duara lenye kitovu na upana unaojulikana. Vipimo vya rula na alama za kipimapembe viliwekwa kando kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nasema bikari na ukingo ulionyooka ndivyo kiini cha mkebe, na vilivyobaki ni wasaidizi.

Kipindi ninachokikumbuka kwa undani zaidi kilianza kwa swali la mwanafunzi mwenzetu. Tulikuwa tumezoea kuigawa pembe nusu kwa nusu, naye akauliza namna ya kuigawa pembe yoyote katika sehemu tatu zilizo sawa. Mwalimu hakujibu. Alichora ubaoni pembe ya nyuzi 60 na kutupa kipindi kilichobaki kujaribu. Wapo waliofika karibu mno, kiasi kwamba kwa macho sehemu tatu zilionekana sawa, lakini divaida ilipopitishwa juu ya tao, hatua ya tatu ilikosa mahali pake. Kipindi kilichofuata ndipo alipotueleza kwamba Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kuwa kazi hiyo haiwezekani kwa pembe zote kwa bikari na ukingo ulionyooka pekee, na kwamba pembe ya nyuzi 60 ni mojawapo ya zile zisizokubali, ingawa pembe mraba inakubali kwa urahisi. Kisha akatueleza upande wa pili wa habari hiyo: Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua mwaka 1796 kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa vifaa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeamini kwamba Hisabati ni orodha ya mambo yaliyokwisha kujulikana. Siku hiyo nilifahamu kwamba mtu anaweza pia kujua, kwa hakika kamili, kile ambacho hakifanyiki, na kwamba kijana wa umri wa kuwa shuleni aliwahi kuongeza jambo jipya kwenye somo hilo.

Kwa wenye bikari mbovu kuna habari njema kutoka historia, na ninaitaja kwa sababu inahusu moja kwa moja thamani ya kifaa. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 10, alieleza namna ya kuchora maumbo mengi kwa bikari ambayo upana wake haubadiliki kabisa. Georg Mohr wa Denmark mwaka 1672, na baadaye Lorenzo Mascheroni wa Italia mwaka 1797, walionyesha kwamba kila nukta inayoweza kupatikana kwa bikari na ukingo ulionyooka inaweza kupatikana kwa bikari peke yake. Kwa maneno mengine, bikari iliyoganda inafaa kwa kazi nyingi, na bikari nzuri bila rula inafaa kwa zote. Isiyofaa kwa lolote ni ile inayobadilika upana bila ruhusa yako.

Rula na seti-skwea za mikebe yote miwili nilizipima kwa njia ambazo hazihitaji kifaa kingine. Kwa rula, weka nukta mbili mbali kadiri karatasi inavyoruhusu, chora mstari kupitia nukta hizo, kisha igeuze rula upande wa pili juu ya mstari ule ule na uchore tena kwa ukingo huo huo. Rula iliyopinda itaacha nafasi nyembamba katikati ya mistari miwili. Kwa seti-skwea, iegemeze kwenye rula, chora mstari wa pembe mraba kutoka nukta moja, igeuze kifudifudi na uchore tena kutoka nukta hiyo hiyo. Mistari ikiachana, uwazi kati yake ni mara mbili ya kosa la pembe yenyewe. Rula zote mbili zilikuwa nzuri. Seti-skwea za mkebe wa bati zilikuwa sahihi, lakini tarakimu zake zimechapishwa juu ya plastiki badala ya kuchongwa ndani yake, na zimeanza kufutika kwa kusuguliwa na vidole. Hilo ni upungufu wa kweli kwa kifaa kinachotarajiwa kudumu hadi mwisho wa sekondari.

Kipimapembe kinastahili maneno zaidi, na hapa namkumbuka mwalimu wa Fizikia. Kipimapembe cha mkebe kina nusukipenyo cha takriban sentimita 5, na kwa ukubwa huo nafasi kati ya alama moja ya nyuzi na inayofuata haifiki milimita moja. Unene wa mstari wa penseli butu unatosha kuificha nusu ya nafasi hiyo. Mwalimu huyu alituonyesha athari yake kwa jaribio la mwanga na kipande cha kioo. Mwanga ukiingia kwenye kioo cha kawaida kwa pembe ya nyuzi 30, ndani ya kioo unapinda na kuwa na pembe ya karibu nyuzi 19 na nusu. Aliyesoma 19 alipata kipeo cha mpindo, yaani namba inayoonyesha kioo kinaupinda mwanga kwa kiasi gani, cha takribani 1.54, aliyesoma 20 alipata 1.46, na thamani inayotarajiwa, 1.5, ilikuwa katikati yao. Aliandika majibu ya darasa zima ubaoni bila kuyaita sahihi au makosa, akatutaka tuseme ni kifaa gani kilichozalisha tofauti hiyo. Baada ya somo lile sikuwahi tena kuandika kipimo bila kujiuliza kimesomwa kwa kifaa cha namna gani, na ni kwa sababu yake kwamba leo natafuta kipimapembe chenye mistari myembamba, chenye mstari wa msingi usio kwenye ukingo, na chenye kitovu kilichotobolewa au kuwekwa alama ya msalaba. Kipimapembe cha mkebe wa bei ya chini kina mistari minene na kitovu kisichojulikana kiko wapi hasa. Cha mkebe wa bati ni kizuri, na nilipokilinganisha na pembe ya nyuzi 60 iliyochorwa kwa bikari hakikutofautiana nayo.

Divaida ndiyo inayodharauliwa kuliko vifaa vyote. Wengi waliiona kama bikari iliyokosa penseli, na nimesikia wazazi wakiuliza kwa nini inauzwa. Jibu alilijua mwalimu wetu wa Jiografia. Kwenye ramani ya kipimio cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, na njia ya kupima mto au barabara inayopindapinda ni kuifungua divaida kwa upana mdogo, kwa mfano nusu sentimita, ambayo ni mita 250, kisha kuitembeza hatua kwa hatua ukizihesabu. Mwalimu alitugawa makundi, akatupa mto mmoja na upana tofauti wa divaida kwa kila kundi. Kundi lenye hatua ndogo zaidi lilipata mto mrefu zaidi, na lenye hatua kubwa lilipata mto mfupi, ingawa kila kundi lilihesabu kwa uangalifu. Hakutuambia nani yuko sahihi; alitueleza kwamba hatua ndogo huingia kwenye mapindo ambayo hatua kubwa huyaruka. Miaka mingi baadaye nilipojua kwamba Benoît Mandelbrot aliandika mwaka 1967 kuhusu swali hilo hilo kwa kutumia pwani ya Uingereza, nilielewa ukubwa wa kile tulichopewa katika kipindi cha kawaida cha asubuhi. Divaida nzuri inahitaji ncha mbili kali zinazokutana kabisa inapofungwa. Ya mkebe wa bati inakutana. Ya mkebe wa bei ya chini inapishana, na kwa hatua za nusu sentimita kupishana huko kunaharibu kazi yote.

Penseli za mikebe yote miwili ni laini mno kwa kazi hii. Tangu Nicolas-Jacques Conté alipobuni mwaka 1795 njia ya kuchanganya grafaiti na udongo wa mfinyanzi, ugumu wa penseli umetegemea kiasi cha udongo uliomo, na kwa jometri kinachotakiwa ni penseli ngumu, yenye alama ya H au 2H, ambayo ncha yake haiishi haraka na mstari wake haunenepi. Ncha inayoingia kwenye bikari ni vizuri ichongwe kwa msasa upande mmoja, ibaki bapa kama patasi, kwa sababu ncha ya duara huwa butu kabla duara la kwanza halijafungwa. Kifutio na kichongeo ni vya kawaida, na kibao cha kuchorea herufi sijaona mwanafunzi aliyewahi kukihitaji.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu anunue bati lenye vyuma wakati programu za jometri zipo. Swali ni la haki. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa katika Chuo Kikuu cha Salzburg, inafanya jambo moja ambalo mkebe hauwezi kulifanya: unavuta kipeo kimoja cha pembetatu kwa kidole, na umbo lote linabadilika huku sifa uliyoithibitisha ikibaki ile ile mbele ya macho yako. Ningetamani mwalimu wetu angekuwa nayo siku alipotufundisha kwamba pembe iliyo kwenye nusu duara daima ni pembe mraba, maana tungeiona ikiteleza kuzunguka tao bila kubadilika. Hata hivyo programu hiyo haina bikari inayolegea wala mstari unaonenepa, na kwa hiyo haimwonyeshi mwanafunzi tofauti kati ya ukweli wa umbo na usahihi wa mchoro. Katika kipimo cha hatua sita, mwanafunzi aliyeona mwanya alijua kwamba hoja ni kamili na kilichokosea ni chuma. Tofauti hiyo, ambayo katika Fizikia na Jiografia ina uzito mkubwa, hujifunzwa kwa mkono. Ushauri wangu ni kuanza kwa mkebe hadi mwanafunzi aweze kueleza kwa nini matao yake yanafanya kazi, kisha kumfungulia programu.

Bati lenyewe lina kasoro moja. Kifuniko chake kinafunga kwa kubanwa tu, na mkebe ukianguka kinafunguka na vyote vinatawanyika, jambo linaloweza kuipindisha sindano ya bikari. Mpira mmoja wa kufungia unamaliza tatizo hilo. Ndani, vifaa vimewekwa kwenye trei ya plastiki yenye nafasi ya kila kimoja, na nafasi hizo ni za msaada kwa mwalimu anayekagua darasa zima kwa kutembeza macho, kwani kinachokosekana kinaonekana mara moja.

Kwa mzazi anayemnunulia mtoto, na kwa mtu mzima anayetaka kurudi kwenye somo alilolipenda, mkebe wa bati wenye bikari ya chuma naupendekeza bila kusita, pamoja na kasoro ya tarakimu za seti-skwea. Muuzaji akikubali, omba karatasi na ufanye kipimo cha hatua sita hapo hapo kwenye meza yake, kwa sababu hata mikebe ya aina moja hutofautiana kwa namna bawaba ilivyokazwa kiwandani. Mkebe wa bei ya chini sitaupendekeza kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa utamfanya aamini kwamba hajui jometri wakati kinachomwangusha ni mguu wa plastiki. Fedha zikiwa hazitoshi mkebe kamili, nunua bikari ya chuma peke yake, rula yoyote iliyopita kipimo cha kugeuzwa, penseli ya 2H na kipande cha msasa. Kwa hivyo vinne, kugawa mistari na pembe, kuchora mistari sambamba na ya pembe mraba, na kulichora duara linalopita kwenye vipeo vitatu vya pembetatu, yote yanafanyika.